Kushindwa kuzuia choo: maneno ya watu na ukweli wenyewe

"Ni uzee tu, vumilia."
Umri unachangia, ila mara nyingi kuna sababu nyingine. Aliyechanika wakati wa kujifungua, mwenye kisukari kilichoharibu neva, aliyepata kiharusi: wote tatizo hili linaweza kuwapata. Mwambie daktari waziwazi, hutamshtua.

"Kinachotoka ni majimaji, basi meza dawa ya kuzuia kuharisha."
Hapa wengi hujiumiza. Choo kigumu kikikwama mwisho wa utumbo, chepesi kinachotoka juu hupenya pembeni na kuchafua nguo. Mtu anadhani anaharisha, kumbe amefunga choo! Huyu anahitaji kulainishiwa choo. Loperamide, ile dawa ya kuzuia kuharisha, itambana zaidi. Ndiyo maana daktari hupapasa tumbo na kupima njia ya haja kubwa kwa kidole kabla ya kuandika dawa. Lakini choo kikiwa laini kweli, na si kwa sababu ya maambukizi, loperamide hiyohiyo kwa dozi ndogo inasaidia sana. Wapo wanaoimeza kabla ya kutoka nyumbani.

"Mazoezi ya nyonga ni ya wanawake."
Wanaume pia wana misuli ya nyonga inayozuia choo. Kaza njia ya haja kubwa kama unayezuia ushuzi, ukiacha makalio na mapaja yamelegea, na usibane pumzi. Shikilia sekunde chache, ongeza taratibu hadi 10, kisha legeza kabisa kabla ya kurudia. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, na uipe miezi 3 kabla ya kusema haifanyi kazi. Kosa ninaloliona baya zaidi ni kusukuma chini kama anayejisaidia, yaani kinyume kabisa. Usipokuwa na uhakika, mtaalamu wa fiziotherapia atakuonyesha.

"Usile wala kunywa, hutachafuka."
Utakauka na kufunga choo, halafu urudi kulekule kwenye kuvuja. Afadhali utumie saa ya mwili: chakula huamsha utumbo, kwa hiyo nenda chooni dakika 20 hadi 30 baada ya kifungua kinywa, miguu juu ya kigoda kifupi, bila kujikamua. Kahawa ipunguze, huuharakisha utumbo.

"Ukishavaa pedi, umekwisha."
Pedi inakupa nafasi ya kutoka wakati tiba inaendelea. Osha ngozi kwa maji, kausha kwa kugusagusa, paka krimu yenye zinki.

Damu kwenye choo, au kupungua uzito bila sababu, usikawie kumwona daktari. Tatizo likianza ghafla pamoja na ganzi sehemu za siri au miguu kulegea, nenda hospitali saa hiyohiyo.