Jeni za bakteria wa TB si jeni za ukoo

Jirani yangu wa Uyole alikohoa tangu Mei. Alipewa kikopo cha makohozi zahanati, akakiweka dirishani, na wiki mbili baadaye kilikuwa palepale hakijafunguliwa. "Dada, hii ni ya kwetu. Babu alikuwa nayo, baba alikuwa nayo. Iko kwenye jeni." Nimeyasikia maneno hayo Mafinga pia, na yananiuma, kwa sababu yanamkalisha mgonjwa nyumbani.

Dhana: TB iko kwenye jeni za familia.

TB huambukizwa kwa hewa. Baridi ya Juni ikishika tunafunga madirisha, tunalala chumba kimoja, mmoja akikohoa wote tunavuta hewa ileile. Mwili wa mtu mmoja unaweza kulemewa upesi kuliko wa mwingine, lakini bila bakteria hakuna TB. Jeni zinazotajwa maabara ni za bakteria mwenyewe: anazo kama 4,000, na mpangilio wote wa DNA yake, yaani maandishi yanayobeba jeni hizo, ulichapishwa mwaka 1998.

Dhana: kila jeni ya bakteria imetulia mahali pake, na vipande vinavyohama ni takataka.

Hii naisikia kwa vijana wanaosomea afya, na hapa ndipo penye utamu. Bakteria wa TB ana kipande cha DNA kiitwacho IS6110, chenye herufi 1,355 tu. Kinaweza kujinakili na kutua sehemu nyingine ya DNA ileile. Aina ya H37Rv, inayotumika sana maabara, ina nakala 16. Aina nyingine hazina hata moja.

Kinatua wapi? Hilo ndilo jambo. Chukua mtu wa sokoni Mwanjelwa mwenye spika ya kuita wateja. Akihamia kando ya duka lako, watu wanamiminika kwako pia. Akijenga kibanda mlangoni pako, umefunga biashara. IS6110 ikitua katikati ya jeni, inaiharibu. Ikitua mbele yake, inaweza kuifanya isomwe zaidi, na protini yake itengenezwe kwa wingi. Nchini Hispania, aina ya Mycobacterium bovis, bakteria wa TB ya ng'ombe, iliyokuwa sugu kwa dawa nyingi ilienea kati ya watu. Ilipochunguzwa, IS6110 ilikutwa mbele ya jeni phoP, jeni inayoongoza nyingine nyingi, na phoP ilikuwa ikisomwa kupita kawaida.

Dhana: bakteria wa TB wanapeana usugu wa dawa.

Bakteria wengine wa magonjwa hufanya hivyo. Huyu usugu wake hutokana na makosa ya kunakili DNA yake. Usugu wa rifampisini, dawa kuu ya TB, kwa mfano, huwa kwenye jeni rpoB. Lakini mtu anaweza kuvuta bakteria ambaye tayari ni sugu, hata kama hajawahi kumeza kidonge cha TB. Tusimlaumu kila mgonjwa sugu kwamba aliacha dozi.

Dhana: umemaliza dozi, mashine bado inaona TB, basi dawa zimeshindwa.

Mashine ya jeni inatafuta DNA, na DNA ya bakteria waliokufa hubaki mwilini kwa muda. Kufuatilia matibabu kunahitaji hadubini au kuotesha makohozi.

Jumatatu jirani alikipeleka kikopo, kimefungwa ndani ya khanga. Njiani aliniuliza kama majibu yatataja ukoo wao. Nikamwambia hapana, mama, yatamtaja bakteria, na kama rifampisini inamuua.