/24 si kifupisho cha chochote

Nimeambiwa tena, safari hii na fundi mwenye vyeti vyake kabisa, kwamba /24 inayofuata anwani ya kompyuta kwenye mtandao, kama 10.20.7.14/24, ni njia ya mkato tu na "maski yenyewe" ni 255.255.255.0. Hapana jamani. Maski yenyewe, ile inayoonyesha sehemu gani ya anwani ni ya mtandao na ipi ni ya kompyuta, ni biti 32, moja zikitangulia (sehemu ya mtandao) na sifuri zikifuata. 255.255.255.0 ni namna mojawapo ya kuziandika, 0xffffff00 ya ifconfig (amri ya kuonyesha na kupanga mtandao) kwenye macOS ni nyingine, na /24, yaani idadi ya hizo moja, ni nyingine tena. Tena amri ya ip kwenye Linux ikiiuliza kerneli (kiini cha mfumo), jibu huja na urefu wa maski, yaani hiyo 24, baiti moja tu. Hizo 255 hazimo.

Ningenyamaza kama imani hiyo isingeandamana na ile ya madaraja A, B na C, utaratibu wa zamani wa kukisia maski kwa kutazama namba ya kwanza ya anwani. CIDR, utaratibu wa kutaja urefu wa maski waziwazi, iliyazika mwaka 1993, programu zinayafukua mpaka leo. Fungua dirisha la zamani la IPv4 kwenye Windows, andika 10.20.7.14, gusa sehemu ya maski: inajijaza 255.0.0.0. ifconfig ya Linux usipoipa maski, mambo ni yaleyale. Fundi anaona pamejaa, anabonyeza OK. Intaneti inafunguka, kila mtu anashukuru. Halafu seva ya tawini, 10.50.1.9, haipatikani, na lawama zote zinaangukia ruta, kifaa cha kupeleka pakiti kwenye mtandao mwingine. Ruta haijaona hata pakiti moja! Kompyuta inaamini kila anwani inayoanza na 10 iko kwenye swichi ileile, kwa hiyo inaitafuta seva kwa ARP (wito kwa kompyuta zote za swichi hiyo), inaita na kuita, hakuna anayeitika.

Programu isikisie, iulize. Amri ya ip nayo haiulizi, inakupa /32 kimyakimya, yaani mtandao wa anwani moja tu, ila hapo angalau utagundua mapema.

Programu ikionyesha anwani, nataka 10.20.7.14/22, na chini yake: 10.20.4.0 mpaka 10.20.7.255. Basi. (Na ndiyo, 10.20.5.255 hapo ni anwani halali ya kompyuta, ingawa inaishia na 255. Tusianze.) Kwenye kuingiza, zipokelewe namna zote mbili, /22 na 255.255.252.0. Windows 10 ilipoanza kudai urefu wa maski kwenye Settings, watu waliandika 255.255.255.0 kama walivyozoea, wakajibiwa kwamba mipangilio haiwezi kuhifadhiwa. Sababu? Hawakuambiwa.

Kuna jambo moja linalonipa shaka, na wapenzi wa 255 wakilitaja huwa nakosa la kusema. Vidole vikiteleza ukaandika 255.255.225.0, programu makini itakataa, maana 225 ni 11100001, moja imejitokeza baada ya sifuri. Ukiteleza kwenye /24 ukaandika /23, hakuna wa kukukataza. Hata kukagua kama getiwei (anwani ya ruta) imo ndani ya mtandao hakusaidii, kwa sababu 10.20.7.1 imo kwenye /24 na kwenye /23 pia.