Zingifuri: maswali mnayouliza kuhusu mbegu nyekundu ya shambani

Zingifuri ni nini hasa?

Ni mbegu za mzingifuri, mti mdogo ambao mtu akizunguka mashamba ya viungo ya Kizimbani au Kindichi, huku Unguja, lazima ataoneshwa. Tunda lake lina vinyweleo kama shokishoki, ila ndani halina nyama ya kula. Ukilipasua unakuta mbegu ndogo zimebanana, zina utando mwekundu unaoshika vidole papo hapo. Watembeza wageni huwapaka wageni midomoni. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na watu wa huko wamekuwa wakijipaka rangi hii mwilini tangu enzi na enzi.

Rangi inatoka wapi?

Inatoka kwenye kemikali iitwayo biksini, ya jamii moja na rangi ya karoti na tungule. Mwaka 2003 watafiti walionesha namna mmea unavyoitengeneza: unaikata likopini, ile rangi nyekundu ya tungule, kisha unaibadili hatua kwa hatua. Biksini huyeyuka kwenye mafuta, ndiyo maana mbegu zikichemshwa kwa maji matupu hazitoi rangi ya maana. Viwandani huigeuza iwe norbiksini, inayokubali maji. Ukiona E160b kwenye pakiti ya jibini au siagi ya kupaka, ndiyo hiyo hiyo zingifuri.

Wengi hudhani kwa kuwa inafanana na rangi ya karoti basi inaongeza vitamini A. Haiongezi. Mtoto aendelee kupewa maembe, mchicha na viazi vitamu vya rangi ya chungwa.

Naweza kuitia kwenye biriani badala ya rangi ya unga?

Naam, na mimi napendelea hivyo. Pasha mafuta kwa moto mdogo, tia kijiko kimoja cha chai cha mbegu, koroga dakika chache mpaka mafuta yawe mekundu, epua, chuja. Moto ukiwa mkali rangi inaharibika na kuwa ya manjano, na mafuta yanaingia uchungu. Mafuta hayo unayanyunyizia wali wa juu kama kawaida.

Kuhusu usalama, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliweka mwaka 2016 kiwango cha miligramu 6 za biksini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Mwenye kilo 60 ana nafasi ya miligramu 360 kila siku, maisha yake yote. Kijiko cha chai cha mbegu ni kama gramu 4. Hata zikiwa mbegu bora zenye asilimia 3 ya biksini, sufuria nzima inapata miligramu 120, na hiyo sufuria inaliwa na watu wengi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni zile rangi za unga zinazofungwa kwenye kikaratasi bila jina wala namba. Duniani zimewahi kukamatwa pilipili za unga na mafuta ya mawese yaliyotiwa rangi ziitwazo Sudan, ambazo ni za viwandani na haziruhusiwi kwenye chakula. Rangi isiyo na lebo usinunue.

Mama yangu ana sukari. Ameambiwa anywe maji ya zingifuri aache vidonge. Ni kweli inatibu?

Dada yangu, usikubali aache vidonge. Utafiti upo, na ndio unaonitia hofu. Huko Jamaica, ambako mmea huu ni dawa ya kienyeji ya sukari, watafiti waliwapa mbwa dawa iliyokamuliwa kwenye mbegu hizi. Kwenye kazi zao za miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, dawa hiyo *ilipandisha* sukari, na ini na kongosho za mbwa zikaonekana kudhurika. Mwaka 2005 wakachapisha majaribio mengine: safari hii dawa iliyokamuliwa kwa namna tofauti *ilishusha* sukari.

Mbegu ni ile ile, matokeo yamepishana kwa sababu ya jinsi ya kukamua. Sasa mama akichemsha mwenyewe jikoni, nani atajua ametoa ipi? Tena akichanganya na vidonge, sukari inaweza kushuka mno. Akitetemeka, akitoka jasho jembamba au akianza kuchanganyikiwa, mpe maji ya sukari haraka kisha mpeleke kituo cha afya. Kama ameshaanza kunywa, amwambie daktari wake bila kuona haya. Daktari anahitaji kujua ili apange dozi vizuri. Wali wenye zingifuri kidogo hauna neno, cha kuangalia ni wingi wa wali wenyewe.

Na tezi dume?

Peru walilijaribu hilo kwa wanaume 136 kwa mwaka mzima, nusu wakipewa zingifuri na nusu vidonge visivyo na dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 hayakuonesha tofauti. Mzee anayeamka usiku mara kwa mara kukojoa aende akapimwe.

Nani asiitumie?

Aliyewahi kuwashwa, kuvimba midomo au kubanwa kifua baada ya kuila. Mzio wake ni nadra, lakini umeripotiwa, hata ule mkali wa kuhatarisha maisha. Wajawazito wasiitumie kama dawa, si mbegu wala majani. Ya kwenye chakula inatosha. Na mtoto akitaka kujipaka mdomoni, mpake kidogo mkononi kwanza, usubiri mpaka kesho yake.