Homa ya dengi ni nini, na kwa nini mseto hauitibu

Masika yakishika Dar es Salaam, mtu akipata homa wazo la kwanza ni malaria. Anapimwa, hakuna kitu, na wapo wanaokunywa mseto, dawa ya malaria, hivyo hivyo. Huenda ni dengi. Hiyo huletwa na kirusi, si kimelea, na mseto haukifanyi chochote. Jiji limeshapata milipuko kadhaa, na ile ya 2014 na 2019 bado inakumbukwa.

Anayesambaza kirusi hicho ni mbu aina ya Aedes, mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii sana. Tena si wa mitaro michafu, ingawa ndiyo tunayoilaumu kila mwaka. Yeye hutafuta maji yaliyotulia karibu na watu: pipa la akiba uani kwa sababu ya mgawo, matairi yaliyorundikwa gereji, vifuu, kisahani chini ya chungu cha maua. Jike hutaga juu kidogo ya usawa wa maji, mayai yakanata ukutani mwa pipa, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi hadi maji yapande tena. Kumwaga maji tu hakutoshi. Pipa lisuguliwe kwa brashi kila wiki, kisha lifunikwe barabara.

Dalili huanza siku 4 hadi 10 baada ya kuumwa na mbu: homa kali ya ghafla, kichwa, maumivu nyuma ya macho, viungo kuuma, pengine vipele. Wengi hawasikii lolote. Dawa ya kuua kirusi hakuna. Ni kunywa maji kwa wingi, kupumzika na parasetamo. Diklofenaki, ambayo duka la dawa hukupa upesi ukisema mwili unauma, iache kabisa, pamoja na aspirini na ibuprofeni, kwani huongeza hatari ya kutoka damu.

Kinachowaponza watu ni homa kushuka. Kati ya siku ya 3 na ya 7 mgonjwa huonekana amepona, kumbe kwa wachache ndipo mishipa inapovuja na presha kuanguka. Tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo, fizi zikitoka damu au akilegea, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Kirusi kina aina 4, na aliyewahi kuugua moja yuko hatarini zaidi akipata nyingine.

Mgonjwa naye alale ndani ya chandarua hata mchana. Mbu akimuuma siku za homa hukibeba kirusi, na baada ya siku kama 10 anaweza kumwambukiza jirani.