Ricardo Güiraldes na Mswagaji wa Pampa: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Wengi waliomsoma Ricardo Güiraldes kwa juujuu humkumbuka kama gaucho aliyejifunza kuandika, yaani mchunga ng'ombe wa nyika za Pampa nchini Argentina ambaye siku moja alishuka juu ya farasi, akaketi, na kusimulia maisha yake. Kosa hilo linaeleweka, kwa sababu riwaya yake Don Segundo Sombra, iliyotoka mwaka 1926, inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza na kijana anayeijua kazi ya ng'ombe hadi kwenye mifupa. Hata hivyo, dhana hiyo humnyima mwandishi jambo lililomgharimu zaidi, nalo ni umbali aliolazimika kuuvuka ili aandike kitabu chenyewe.

Güiraldes alizaliwa Buenos Aires tarehe 13 Februari 1886 katika ukoo wa matajiri wenye ardhi na mifugo, na baba yake, Manuel Güiraldes, baadaye alikuwa meya wa jiji hilo. Angali mtoto mchanga alipelekwa Paris, akakaa huko miaka yake ya mwanzo, hivyo Kifaransa kilikuwa miongoni mwa lugha za kwanza kinywani mwake. Nyika aliijua katika La Porteña, shamba la mifugo la familia yake karibu na mji wa San Antonio de Areco, yapata kilomita 110 kutoka Buenos Aires. Huko alijifunza kupanda farasi, kurusha kamba ya tanzi na kuwasikiliza vibarua wakisimulia hadithi jioni, lakini alijifunza hayo akiwa mtoto wa mwenye shamba, na asubuhi hakuna aliyemwamsha kwa amri. Alianza masomo ya usanifu majengo, kisha ya sheria, akayaacha yote mawili. Mwaka 1910 alisafiri Ulaya na kuendelea hadi India, China na Japani, na alipokuwa Paris alijulikana kwa kucheza tango katika kumbi za watu wa tabaka lake.

Kutokana na habari hizo huzaliwa dhana nyingine, iliyo kinyume cha ile ya kwanza: kwamba tajiri huyu alijivika tu mavazi ya maskini, na kwamba riwaya yake ni ndoto ya bwana shamba kuhusu vibarua watiifu. Lawama hii ina uzito wake, nami siwezi kuipuuza. Ni kweli kwamba katika Don Segundo Sombra hatusikii wafanyakazi wakigombana na waajiri kuhusu ujira, na wenye mashamba huonyeshwa kwa wema ambao si kila kibarua wa zama zile angekubaliana nao. Lakini anayeishia hapo huisoma nusu tu ya riwaya. Güiraldes hakujifanya. Katika tabaruku ya kitabu aliwataja watu wa nyika waliomfunza, akamalizia kwa kumtaja gaucho anayembeba ndani yake kama chombo kitakatifu cha Kanisa kinavyobeba hostia, yaani mkate mtakatifu. Abebaye kitu kwa namna hiyo anakiri kwamba kitu hicho si yeye mwenyewe, na riwaya nzima, kama nitakavyoonyesha, inaelekea kwenye jeraha la mtu anayependa kazi ambayo mali yake itamzuia kuifanya.

Dhana iliyoenea zaidi inahusu wakati. Wasomaji hudhani kwamba riwaya inasimulia zama za gaucho huru asiye na bwana wala mipaka, yule wa utenzi mashuhuri wa José Hernández, Martín Fierro, ambao sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1872. Hata yule wa Hernández, tukumbuke, alikuwa tayari anawindwa: sheria za mashambani zilimhesabu mtu asiye na cheti cha ajira kuwa mzururaji, naye akipatikana hupelekwa jeshini kwenye ngome za mpakani. Baada ya hapo mabadiliko yalikuja kwa kasi. Ua wa waya, uliokuwa umeonekana katikati ya karne ya 19, ulienea sana katika miaka ya 1870 na 1880 na kuikata nyika vipandevipande. Reli ilichukua safari za mifugo, na meli zenye majokofu zilifungua soko la nyama Ulaya, zikafanya ng'ombe wa mbegu bora na malisho yaliyopandwa kuwa na thamani kuliko mbio za wapanda farasi. Kufikia siku za Güiraldes, gaucho aliyebaki alikuwa kibarua.

Riwaya inalijua hilo vizuri. Don Segundo na kijana anayemfuata ni waswagaji: wanakodiwa kuswaga kundi la ng'ombe kutoka shamba moja hadi jingine, wanapokea ujira, kisha wanatafuta kazi nyingine. Uhuru wao ni wa aina ndogo na ya kweli, uhuru wa kutofungwa na shamba moja. Kurasa zinazonigusa zaidi ni zile za kazi yenyewe: mvua inayopenya ponjo, lile blanketi la kuvaliwa mabegani, usingizi wa kuibia juu ya tandiko, farasi mbichi wanaofunzwa kwa subira, na ile sehemu ya kutisha kwenye ufuko wa matope yaliyojaa kaa, ambako mnyama akitumbukia hana namna ya kutoka. Ni katika kurasa hizo ambapo mwandishi anaonyesha kwamba adabu ya gaucho, yaani kunyamaza, kuvumilia na kutolalamika, imetokana na kazi.

Je, Don Segundo alikuwepo? Wengine husema ni mhusika wa kubuni mtupu, na wengine husema ni picha kamili ya mtu halisi. Alikuwepo Segundo Ramírez, mswagaji aliyejulikana La Porteña, ambaye Güiraldes alimheshimu na kumtaja wa kwanza katika tabaruku. Ramírez alifariki mwaka 1936, akazikwa katika makaburi ya San Antonio de Areco, karibu na mwandishi. Hata hivyo, jina la ukoo alilopewa mhusika, Sombra, maana yake ni kivuli, na kijana anapomwona kwa mara ya kwanza gizani huhisi kuwa kilichopita mbele yake ni wazo zaidi kuliko mtu. Mwandishi alichukua mwili wa Ramírez, akauongezea matamanio yake mwenyewe, na ndiyo maana Don Segundo hazeeki wala hakosei katika muda wote wa riwaya.

Husemwa pia kwamba Güiraldes ni mwandishi wa kitabu kimoja, kilichomletea sifa mara moja. Hapana. Mwaka 1915 alitoa vitabu viwili, mashairi ya El cencerro de cristal na hadithi fupi za Cuentos de muerte y de sangre, na vyote vikapokewa vibaya. Inasimuliwa kwamba kwa uchungu alizitupa kisimani nakala zilizobaki, na kwamba mkewe, Adelina del Carril, aliokoa baadhi yake. Mwaka 1917 alichapisha Raucho, kuhusu kijana wa shambani anayepotelea Paris kisha kurejea nyumbani, na mwaka 1923 ikafuata Xaimaca, iliyotokana na safari ya Karibi. Don Segundo Sombra aliianza Paris na kuimaliza La Porteña miaka kadhaa baadaye, nayo ikapigwa chapa San Antonio de Areco kwa Francisco Colombo. Ilipata Tuzo ya Taifa ya Fasihi, lakini furaha hiyo hakuifaidi kwa muda mrefu: alifariki Paris kwa saratani tarehe 8 Oktoba 1927, akiwa na umri wa miaka 41. Mashairi yake ya kiroho, yenye athari ya falsafa ya Kihindu aliyoisoma sana miaka ya mwisho, yalitoka baada ya kifo chake.

Kwa kuwa riwaya ni ya shamba, wapo wanaoihesabu kuwa ya kale hata kwa siku zake, kazi ya mtu aliyeupa kisogo usasa. Ukweli ni kwamba mwaka 1924 Güiraldes alikuwa mmoja wa waanzilishi wa awamu ya pili ya jarida la Proa, pamoja na Jorge Luis Borges, Brandán Caraffa na Pablo Rojas Paz, vijana waliotaka kuigeuza fasihi ya nchi yao. Roberto Arlt, aliyeandika kuhusu vichochoro vya Buenos Aires, alifanya kazi kama katibu wake, akamtolea tabaruku riwaya yake ya kwanza, El juguete rabioso, ambayo nayo ilitoka mwaka 1926. Tamathali za Don Segundo Sombra zimetoka katika kundi hilo la waandishi wa kisasa, na mpangilio wake pia: mara tatu msimulizi husimama kando ya maji, kijitoni, mtoni, na mwisho ziwani, akiyapima maisha yake. Katikati ya hayo Don Segundo hutoa hadithi za kuotea moto, kama ile ya mhunzi aitwaye Miseria, yaani Ufukara, aliyewalaghai mashetani hata akakosa mahali pa kupokewa peponi na motoni, na kwa hiyo anatangatanga duniani hadi leo.

Limebaki kosa moja, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: kudhani kwamba riwaya inaishia kwa furaha. Kwa muhtasari inaonekana hivyo. Kijana yatima asiyejua baba yake, aliyetoroka nyumbani akiwa na miaka 14 ili kumfuata mswagaji, anapata habari kwamba yeye ni Fabio Cáceres, mrithi wa mwenye shamba aliyefariki. Katika hadithi nyingi hapo ndipo ngoma hulia. Fabio anaipokea habari hiyo kwa hofu na karibu kwa hasira, akihisi kwamba yule aliyekuwa amejijenga mwenyewe barabarani sasa anazikwa. Don Segundo anamwambia kwamba aliye gaucho wa kweli habadiliki, kwani popote aendapo roho yake itamtangulia, mfano wa farasi jike mwenye kengele anayefuatwa na kundi.

Mlezi huyo anakaa naye shambani miaka mitatu, kisha anaondoka, kwa sababu hana la kufanya mahali palipozungushiwa ua. Fabio anamsindikiza kwa macho akipanda kilima, umbo likipungua kutoka miguu ya farasi hadi kofia, mpaka halionekani tena. Ndipo anageuza farasi wake na kurudi polepole kuelekea kwenye ardhi ambayo sasa ni yake, akijisikia kama mtu anayevuja damu.