Uchoraji wa nje kwa rangi za mafuta: maana yake, na unavyofanyika kandokando ya Ziwa Victoria

Uchoraji wa nje ni kuchora mandhari ukiwa umesimama mbele yake, tangu mstari wa kwanza hadi mguso wa mwisho wa brashi, kwa mwanga uleule unaouona. Wafaransa, ambao waliueneza sana katika karne ya 19, huuita plein air. Anayepiga picha kwa simu pale Kamanga, Mwanza, kisha akaenda kuichora nyumbani Nyegezi, amechora mandhari, na kazi yake huenda ikawa nzuri sana, ila hajachora nje. Hata aliyebeba vifaa mpaka ufukweni anaweza asichore nje, ikiwa anachora ziwa alilokwisha kuliamua kichwani: maji ya bluu, jua la chungwa, mtumbwi mweusi katikati.

Kinachochorwa hasa ni mwanga. Jiwe lililoko majini halibadiliki kwa miaka na miaka, lakini jiwe la saa 1 asubuhi na jiwe la saa 4 ni vitu viwili mbele ya macho ya mchoraji: vivuli vimehama, upande uliokuwa wa dhahabu umekuwa mweupe, maji yaliyo chini yake yamebadilika rangi. Mchoraji wa nje huchagua mwanga mmoja akaushika huohuo, hata jua linapoendelea na safari yake. Mambo mengine yote, yaani udogo wa kanvasi, uchache wa rangi, haraka ya mkono na saa ya kuondoka nyumbani, yanatokana na uamuzi huo.

Rangi za mafuta zilitumika Ulaya kwa karne nyingi kabla ya watu kutoka nazo nje kwa wingi, na sababu moja ilikuwa chombo tu. Rangi ilihifadhiwa kwenye vibofu vya nguruwe vilivyofungwa kwa uzi. Ukishatoboa kibofu, kukiziba tena ni shida, na njiani kinaweza kupasuka. Mwaka 1841 mchoraji Mmarekani aitwaye John Goffe Rand alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya tyubu ya bati, ile ya kuminya na kufunga kwa kifuniko. Tangu hapo mtu aliweza kutia duka zima la rangi mfukoni. Wapo waliotangulia, kama John Constable wa Uingereza, ambaye mwaka 1821 na 1822 alichora mawingu ya Hampstead kwa rangi za mafuta juu ya karatasi, na nyuma yake akaandika tarehe, saa na hali ya upepo. Ni desturi ninayomshauri kila anayeanza aichukue leo hii. Baadaye, katika pwani ya Normandy nchini Ufaransa, Eugène Boudin alimtoa nje kijana Claude Monet. Katika mchoro mmoja wa Monet wa ufukwe wa Trouville, wa mwaka 1870, chembe za mchanga bado zimenasa ndani ya rangi. Huo ni ushahidi kuwa kanvasi ilikuwa palepale, upepo ukipuliza.

Monet huyohuyo ndiye aliyeonyesha wazi maana ya kushika mwanga mmoja. Alipochora marundo ya nyasi mwaka 1890 na 1891, alikuwa na kanvasi nyingi kwa wakati mmoja. Mwanga ukibadilika, hakurekebisha kanvasi aliyokuwa nayo. Aliiweka kando akachukua nyingine iliyofaa saa hiyo.

Kwa nini rangi za mafuta, wakati zinachelewa kukauka na zinachafua kila kitu? Kwa sababu hukohuko kuchelewa ndiko faida. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za baiskeli zinazong'aa juu ya mbao ngumu nyembamba. Rangi ile ikishashika huwezi kuichanganya na ya jirani yake, na uzuri wa mtindo ule uko kwenye mipaka mikali na rangi kavu zinazogusana bila kuingiliana. Rangi za msanii za mafuta hufanya kinyume. Zimesagwa pamoja na mafuta ya mbegu za kitani, na mafuta hayo hayakauki kwa kupoteza maji, bali kwa kuvuta oksijeni kutoka hewani na kugeuka taratibu kuwa utando mgumu. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Kwa hiyo muda wote ulioko ufukweni rangi ni mbichi: unaweza kulainisha mpaka wa kilima cha mbali ukaingia angani kwa brashi kavu, au kukwangua kosa kwa kisu ukaanza upya. (Ukiuliza rangi ya mafuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi utauziwa ile ya milango na mageti. Siyo hiyo.)

Hasara yake ni tope. Rangi mbichi juu ya rangi mbichi huchanganyika hata usipotaka, na baada ya miguso michache mandhari yote hugeuka kijivu cha sahani chafu. Dawa ni mpangilio. Anza na sehemu za giza, rangi ikiwa nyepesi na imepunguzwa kwa tapentaini kidogo. Sehemu za mwanga zije mwisho, rangi ikiwa nzito na haina tapentaini, na kila mguso uwekwe mara moja uachwe. Mpangilio huo unasaidia pia baadaye, kwa kuwa tabaka la chini lenye mafuta machache hukauka kwanza, na la juu halipasuki.

Sasa Mwanza. Mji huu uko upande wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza, kwa hiyo jua huchomoza nyuma ya vilima vya mji na kuzama ng'ambo, upande wa Sengerema. Ni jambo dogo lenye matokeo makubwa. Asubuhi, ukiangalia ziwa, mwanga unatoka mgongoni kwako: mawe yanawaka, rangi za mitumbwi zinaonekana zote, vivuli ni vichache. Jioni mwanga unatoka mbele: mawe na mitumbwi vinakuwa vivuli vyenye ukingo wa dhahabu, na maji ndiyo yanayong'aa. Anayetaka rangi aende asubuhi, anayetaka maumbo aende jioni. Mimi naona asubuhi ni ngumu zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mwanga wa mgongoni huondoa vivuli vinavyoonyesha unene wa jiwe.

Halafu kuna kasi ya jua. Mwanza iko takriban digrii mbili na nusu kusini mwa ikweta, na jua hapa hupanda karibu wima, digrii 15 kwa kila saa. Linachomoza karibu na saa 12 na nusu hadi saa 1 asubuhi, kutegemea mwezi. Saa tatu baadaye, kivuli chako kinalingana na urefu wako. Kikishakuwa kifupi kuliko wewe, mwanga mzuri umekwisha, na mpaka alasiri jua litakuwa linapiga kutoka juu na kufuta umbo la kila kitu. Mchoraji wa kaskazini mwa Ulaya wakati wa kiangazi ana jioni ndefu ya kubembeleza. Huku una saa moja na nusu, mbili ukibahatika, na baada ya jua kuzama giza haliombi ruhusa. Ndiyo maana kanvasi ya nje iwe ndogo, kiasi cha karatasi ya A4 au pungufu.

Tuchukue mawe ya Bismarck, yale yaliyosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga, saa 11 na nusu jioni. Kila mtu anayajua, na hapo ndipo pagumu, kwa sababu mkono unataka kuchora umbo lililozoeleka kwenye kalenda. Finya macho mpaka maelezo yapotee. Utaona madoa makubwa manne tu: anga, ng'ambo ya ghuba, maji, na mawe. Chora madoa hayo kwanza. Mawe yanaonekana meusi, lakini ukitia rangi nyeusi yatakuwa tundu kwenye kanvasi. Changanya bluu ya ultramarini na siena iliyochomwa, ile kahawia yenye wekundu. Utapata giza linaloweza kuegemea ubaridi au joto kadiri unavyoongeza moja. Upande wa juu wa jiwe, unaopokea mwanga wa anga, ongeza bluu. Karibu na maji, ambako mwanga unarudishwa kutoka chini, ongeza siena. Pale jiwe linapokutana na maji kuna ukanda mwembamba wa jiwe lililolowa, mweusi kuliko sehemu kavu. Mstari huo mmoja, ukiupata, unaliketisha jiwe majini. Ukiukosa, jiwe linaelea.

Maji yenyewe yanawashinda wengi kwa sababu wanayapaka rangi ya bahari. Ziwa Victoria si Bahari ya Hindi. Maji ya ghuba yana mwani mwingi, na ukiyatazama chini miguuni mwako utaona kijani iliyochanganyika na kahawia. Ukiinua macho kuelekea mbali, uso unakuwa kioo na rangi unayoiona ni ya anga. Kwa hiyo doa la maji lina rangi mbili zinazopokezana kadiri linavyokwenda mbali. Taswira ya jiwe ndani ya maji nayo ina kanuni yake: kitu cha giza huakisiwa kikiwa kimepauka kidogo, na kitu cheupe huakisiwa kikiwa kimefifia kidogo. Vilima vya ng'ambo huwa hafifu na vya bluu kwa sababu kuna hewa nyingi kati yako navyo. Wakati wa kiangazi, vumbi na moshi wa kuchoma mashamba huvipausha mpaka karibu vipotee, na baada ya mvua ya vuli husogea kana kwamba unaweza kuviogelea.

Lakini rangi ikikosewa mchoro unaweza kupona. Kiwango cha mwanga na giza kikikosewa, haponi mtu. Mfano mzuri ni mchoro wa Monet wa bandari ya Le Havre, *Impression, soleil levant*, wa mwaka 1872. Jua lake jekundu linachoma macho, lakini ukiutazama mchoro huo kwa rangi nyeusi na nyeupe jua karibu linatoweka, kwa kuwa mwanga wake unakaribiana sana na wa anga inayolizunguka. Linawaka kwa tofauti ya rangi peke yake. Jua la jioni ya vumbi juu ya Sengerema huwa hivyohivyo. Anayelichora jeupe kabisa analiua. Kabla ya kugusa rangi, chora kwa penseli kijisanduku chenye viwango vitatu tu: giza, kati, mwanga. Dakika tano hizo ndizo zinazoshika mwanga uliouchagua, maana baada ya nusu saa mbele yako patakuwa na mwanga mwingine unaokushawishi uubadilishe mchoro. Usikubali. Rejea kwenye kijisanduku.

Vinavyosogea vina utaratibu wake. Kivuko cha Kamanga kikiondoka kitarudi, kwa hiyo una nafasi ya pili na ya tatu. Magugumaji husukumwa na upepo, asubuhi yapo na mchana hayapo. Yaweke mahali pamoja mara moja uachane nayo. Mitumbwi iliyofungwa hugeuka upepo unapogeuka.

Upepo wa ziwani huongezeka mchana na kuiangusha stendi inayoshikilia kanvasi, hivyo ning'iniza mfuko wa mawe katikati ya miguu yake. Jua lisipige moja kwa moja kwenye kanvasi wala kwenye paleti (kibao cha kuchanganyia rangi), kwa sababu rangi itaonekana angavu kupita kiasi, utaitia giza, na ukifika ndani mchoro wote utakuwa giza. Vaa shati la rangi iliyotulia, maana jeupe au jekundu huakisi kwenye kanvasi mbichi. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kwa makundi kama moshi wakinasa kwenye rangi, usiwafute, utaacha michirizi. Subiri ikauke kisha uwapanguse kwa brashi.

Ukitaka kuchora kwenye mwalo (mahali wavuvi wanaposhushia samaki) wenye shughuli nyingi, kama Kirumba, au popote dagaa wanapoanikwa, onana kwanza na uongozi wa BMU ya mwalo huo, yaani kikundi cha usimamizi wa uvuvi, na waamkie wazee kabla ya kufungua stendi. Watu wako kazini, na stendi yako inachukua njia ya mtu mwenye tenga kichwani. Usimwage tapentaini ziwani. Iache itulie kwenye kopo, masalia yazame, uitumie tena. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivikunje ukavirundika, kwa sababu mafuta yale yanapovuta oksijeni hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze vikauke.

Kurudi na mchoro mbichi kwenye daladala au bodaboda ni kazi pia. Weka kanvasi mbili zikitazamana, vipande vya kizibo kwenye pembe nne ili nyuso zisigusane, kisha funga kwa kamba. Nyumbani ziweke mahali penye hewa na mwanga, si kabatini, kwani gizani mafuta ya kitani hugeuka manjano. Rangi za udongo zitashika ndani ya siku moja au mbili, nyeupe ya titani inaweza kuchukua wiki au zaidi, na vanishi ya mwisho ya kawaida husubiri miezi 6 hadi 12.