Jina Kubwa Kwenye Barua: Tunayoyakosea Kuhusu Kampuni za Sheria za Kimataifa

Mjomba wangu mmoja wa Mitwero alikuja dukani kwangu, steshenari ndogo hapa Lindi mjini, akiwa na barua aliyoiviringisha ndani ya gazeti la juzi. Kurasa nne za karatasi nzito. Juu kuna majina mawili ya kizungu yameunganishwa kuwa jina moja la kampuni ya mawakili. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa, kuna orodha ya miji: London, Dubai, Singapore, Johannesburg. Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Mkandarasi anataka kukodi kiwanja chake miezi 18 aweke mabomba na makontena. Ila mjomba hakufika kwenye jambo lenyewe, aliishia kwenye ile miji.

"Mwanangu, hawa watu wamejaa dunia nzima," akaniambia. "Mimi nina mikorosho na mbuzi sita. Nisaini tu yaishe?"

Kabla ya kuuza kalamu na kutoa fotokopi nilikuwa karani wa wakili kule Mtwara miaka saba, kazi yangu kuhangaika na majalada kati ya ofisi na Mahakama Kuu. Barua za namna hiyo nimezipokea, nimezigonga muhuri, nimezipanga. Tangu habari za gesi zipambe moto huku kusini, na hasa tangu serikali iliposaini makubaliano ya awali na Equinor na Shell Juni 2022 kuhusu mradi wa kusindika gesi unaotarajiwa Likong'o, barazani hapakosi mtu wa kusema "mawakili wa kimataifa" kwa sauti ile ya mtu anayezungumzia mashetani. Nayaandika hapa yale ninayoyasikia mara nyingi, na namna yalivyo.

"Majina yale ni ya mabwanyenye, wamezaliwa nayo"

Tuchukue Baker McKenzie, ambayo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za sheria duniani. Leo ina ofisi zaidi ya 70 katika nchi zaidi ya 40, na mapato ya mwaka yanayopita dola bilioni 3. Russell Baker, mwanzilishi, alikulia New Mexico, sehemu ya ng'ombe na vumbi, akaenda Chicago kusoma sheria. Wateja wake wa mwanzo walikuwemo watu wenye asili ya Mexico waliohamia mjini humo, wengi wao vibarua. Mwaka 1949 akaungana na John McKenzie, wakili wa kusimama mahakamani, jina likaanzia hapo.

Sasa angalia ilivyokua. Ofisi yao ya kwanza nje ya Marekani haikuwa London wala Paris. Ilikuwa Caracas, Venezuela, mwaka 1955. Baada ya vita kuu ya pili kampuni za Marekani zilikuwa zinatoka nje kwa kasi, Venezuela kuna mafuta, na kila anayewekeza anahitaji mtu wa kumsomea sheria za nchi aliyofikia. Wakili alimfuata mteja. Waliokuwepo Mtwara 2012 wanaujua mwendo huu bila kusoma popote: gesi ilipotajwa tu, nyumba za wageni zikaota Shangani mpaka Chuno kabla hata bomba halijachimbiwa. Tofauti ni kwamba Baker hakutegemea kusafirisha Wamarekani kila mahali. Aliwachukua mawakili wa nchi husika, waliosomea sheria za kwao na kuzungumza lugha ya kwao, na hilo ndilo lililoipa kampuni miguu.

Sifa haikuja bure wala haikuja haraka. Mawakili wa kampuni kongwe za New York na London waliibeza miaka mingi, wakiifananisha na migahawa ya McDonald's, kwamba ipo kila kona na chakula ni kilekile. Kisha mwaka 1999 ikamchagua mwanamke kuwa mwenyekiti, Christine Lagarde, Mfaransa aliyeanzia ofisi ya Paris. Ndiye huyohuyo aliyekuja kuongoza Shirika la Fedha la Kimataifa na sasa Benki Kuu ya Ulaya. Ni kampuni hiyohiyo ambayo miaka mitano tu kabla yake, 1994, wazee wa baraza wa mahakama ya San Francisco waliamuru imlipe katibu muhtasi wa zamani dola milioni 6.9 za adhabu, kwa kumvumilia wakili mbia wa kampuni aliyemnyanyasa katibu huyo kijinsia. Jaji alizipunguza hadi milioni 3.5. Nawatajia yote mawili kwa pamoja kwa sababu barazani huwa tunachukua moja tu, kutegemea tumeamkaje siku hiyo.

"Ni kampuni moja yenye bosi mmoja, kama benki na matawi yake"

Hili ndilo linalowaponza watu wengi, nami lilinichukua muda kulielewa.

Kampuni nyingi za aina hii ni ubia: wenye mali ni mawakili wenyewe, wabia, wanaogawana faida. Tatizo ni kwamba kila nchi ina masharti yake kuhusu nani anaruhusiwa kumiliki ofisi ya uwakili na kodi inalipwaje. Kwa hiyo zile zilizotapakaa sana zikatafuta mwavuli. Baker McKenzie mwaka 2004, na DLA Piper iliyozaliwa 2005 kwa muungano wa kampuni ya Uingereza na ya Marekani, zote zilichagua umbo la kisheria la Uswisi liitwalo verein, maana yake chama tu. Ndani ya chama hicho kila mwanachama ni kampuni inayojitegemea kisheria. Wanashirikiana jina, mifumo na wateja, lakini deni la mmoja halimwangukii mwingine.

Kwa mkulima wa korosho hili halihitaji somo refu. Nachingwea kuna AMCOS nyingi, vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, chini ya chama kikuu cha RUNALI. Korosho zinakwenda ghala kuu na mnadani kupitia chama kikuu, jina kwenye tangazo la mnada ni moja. Lakini AMCOS ya kijiji chako ikikucheleweshea malipo, huwezi kwenda kudai AMCOS ya Liwale kwa kuwa nayo iko RUNALI. Watakuangalia tu.

Barani Afrika mwavuli umekuwa na vyumba zaidi. Baker McKenzie ina ofisi Cairo, Casablanca na Johannesburg. DLA Piper ina chama tofauti, DLA Piper Africa, ambacho wanachama wake ni kampuni za mawakili wa nchi za Afrika zilizokuwepo na majina yao kabla ya kuongezewa hilo. Kwa hiyo unapoona jina kubwa kwenye barua iliyotoka Dar es Salaam, mara nyingi waliokaa nyuma yake ni mawakili wa Kitanzania waliosoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na huenda mmoja wao kwao ni Masasi. Maneno ya kuliweka wazi hilo yapo kwenye barua yenyewe, chini, mahali ambapo mjomba aliona miji tu.

"Wakija Wazungu wao mahakamani tumekwisha"

Hawasimami. Kuwakilisha mtu kwenye Mahakama Kuu hapa Tanzania Bara, jina lako lazima liwe kwenye Orodha ya Mawakili na uwe na cheti hai cha mwaka huo. Mtu anaweza kuwa gwiji wa London, akifika Mtwara bila hivyo viwili atakaa benchi la wasikilizaji pamoja na mimi. Kwenye madini sheria imekaza zaidi: kanuni za 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania zinataka mwenye leseni anayehitaji huduma ya kisheria hapa nchini atumie wakili au kampuni ya mawakili ya Kitanzania yenye ofisi kuu hapa.

Cha kuogopa zaidi huku kwetu, kwa maoni yangu, ni vishoka. Yule mwenye suti na mkoba anayekaa nje ya mahakama, anayejiita wakili na muhuri wake amechonga mwenyewe. Nimeona mzee wa Newala akilia kwenye ngazi kwa sababu hati yake ya kiapo ilikataliwa. Aliyemgongea muhuri hakuwa wakili wala kamishna wa viapo. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili mtandaoni. Unaandika jina, unaona kama mtu ni wakili kweli na kama cheti chake kiko hai. Napiga bando la mia tano, nawaangalizia watu, siwatozi.

"Wao kila kesi wanashinda"

Kwanza, sehemu kubwa ya kazi yao haifiki mahakamani kabisa. Ni mikataba: kununua kampuni, kukopa, kuunganisha, kodi. Baker alikua kwa kazi hizo.

Pili, hata pale ugomvi unapofika mbele ya waamuzi, ushindi una sura nyingi. Tunao mfano wetu. Mlima Ntaka, Nachingwea, kuna nikeli. Mwaka 2018 kanuni mpya zilifuta leseni za kuhodhi maeneo ya madini, na mwenye leseni ya Ntaka, kampuni ya Australia iitwayo Indiana Resources pamoja na wenzake, akaipoteza. Mwaka 2020 wakaishtaki Tanzania kwenye kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia, Washington.

Hapa ndipo ufundi wa mawakili wa kimataifa unapoonekana. Wadai kwenye jalada ni watatu, na wa kwanza anaitwa Nachingwea U.K. Limited. Nachingwea, kampuni ya Uingereza! Niliposoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu dukani. Sababu yake si mzaha: Tanzania na Uingereza zina mkataba wa kulinda wawekezaji tangu 1994, na mkataba huo ndio mlango waliopitia. Gharama za kesi zikabebwa na mfadhili wa mashauri, mtu wa biashara anayelipia kesi ya mwenzake kwa matumaini ya kupata fungu ikishinda.

Julai 2023 waamuzi wakaipa kampuni tuzo, yaani uamuzi wa kulipwa, ya zaidi ya dola milioni 109. Serikali ikaomba tuzo ibatilishwe, na Julai 2024 pande mbili zikakubaliana kumaliza kwa dola milioni 90, kwa mafungu. Kwa hiyo walishinda? Ndiyo. Waliondoka na kila kilichoandikwa kwenye tuzo? Hapana. Na humohumo kwenye fungu lao kuna mfadhili wa kulipwa. Serikali nazo, msisahau, hukodi kampuni kubwa za sheria zinapotaka, kwa hiyo magwiji wawili wakikutana, hawawezi kushinda wote.

"Mwenye ofisi nyingi ndiye tajiri, na hawezi kuanguka"

Haraka tu. Kirkland & Ellis ya Chicago, ya mwaka 1909, ina ofisi kama 20 na imepita dola bilioni 7 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya Baker McKenzie yenye ofisi 70. Kuanguka nako kupo: Dewey & LeBoeuf ya New York iliundwa 2007 kwa muungano, ikawa na mawakili zaidi ya 1,000, na Mei 2012 ikafilisika kwa madeni na ahadi nono za malipo ilizowapa wabia. Na 27 Juni 2017 DLA Piper, kampuni inayowashauri wengine kuhusu usalama wa mitandao, iliingiliwa na virusi vya kompyuta. Kwenye ofisi yao ya Washington uliwekwa ubao mlangoni ukiwaambia wafanyakazi wasiwashe kompyuta. Ubao na kalamu ya wino, kama tangazo la kikao cha mtaa.

"Nikiwapigia simu wataniletea bili"

Hili lilikuwa la mjomba mwenyewe. Alisikia kwamba mawakili hao wanatoza kwa saa, na ni kweli. Wengi wanaigawa saa vipande kumi vya dakika sita, simu fupi ni kipande kimoja. Ila anayetozwa ni mteja wao, yaani mkandarasi. Mjomba hadaiwi hata thumni. Upande wa pili wa jambo hilohilo ndio mchungu: wakili aliyeandika barua hawajibiki kumlinda mjomba, hata akiandika kwa upole na kumwita "Ndugu".

Basi tukaangalia jina la aliyesaini kwenye e-Wakili. Lipo, cheti hai, ofisi Dar es Salaam. Nikampeleka mjomba kwa wakili mmoja hapa Lindi, ofisi yenye feni moja na picha ya Rais, tukalipa ada ya kusomewa mkataba. Alisoma kalamu mkononi. Ukurasa wa kwanza hakugusa kitu. Ukurasa wa tatu akasimama: muda wa kukodi unaongezeka wenyewe ukiisha, mwenye kiwanja asipopinga kwa maandishi siku 60 kabla. Akachora mstari. Halafu akamuuliza mjomba kiwanja kina nini juu yake.

"Mikorosho mitatu," mjomba akajibu. "Na mnazi, lakini ule umezeeka."

Mkataba haukutaja mti hata mmoja.

Majibu yalirudi baada ya siku tisa, karatasi ileile nzito, miji ileile chini. Kuongezeka kwa muda kumefutwa. Mikorosho mitatu imeingia kwenye jedwali la mwisho, na fidia yake kwa kila mti. Mnazi wameuacha. Mjomba aliipitia barua yote safari hii, kidole chini ya kila mstari, kisha akaniomba fotokopi mbili, moja ya kwake na moja ya kumwonyesha jirani yake ambaye naye kapata yake.